Ubunifu mnautaka, maksi zake mmeziweka wapi?

Jamani wadogo zangu mlioajiriwa mwaka huu kufundisha hapa chuoni, nimemaliza kupitia mitihani yenu kwa ajili ya moderesheni, yaani kuikagua kabla haijatolewa, na nimeona niwaandikie kabla hasira haijapoa. Karibu kila muhtasari wa kozi unaahidi kwamba mwanafunzi atatoka akiwa "mbunifu, mwenye fikra tunduizi". Nafungua UE, mtihani wa mwisho wa muhula, swali la kwanza: taja sifa tano za mjasiriamali. La pili: eleza faida na hasara. Wengine mmebandika hadi piramidi ya Bloom ya ngazi za kujifunza, ile iliyorekebishwa mwaka 2001 kubuni kukapandishwa kileleni, halafu maswali yenu yote yamelala ngazi ya chini kabisa. Mwanafunzi si mjinga. Anajua ni stesheneri gani nje ya geti inauza mitihani yenu ya miaka iliyopita. Akishaipata, ubunifu wa nini tena? Anakariri desa, yaani majibu yaliyoandaliwa, anafaulu, anawashukuru.

Wengi wenu nimewafundisha mwenyewe, kwa hiyo sehemu ya lawama najua inakaa wapi. Haya.

1. Msimwambie mtu "kuwa mbunifu". Ukisema "buni biashara", utaletewa kuku wa mayai, saluni na uwakala wa pesa, kila mwaka, kurasa zilezile. Mbane. Mama anaanika dagaa mchangani pale Igombe, mvua za vuli zimeanza, mkononi ana 50,000, na dagaa wakinyeshewa bei yake ni ya chakula cha kuku. Afanye nini wiki hii? Nilipolitoa hivyo, kundi moja lilikuja na kichanja cha miti na nyavu chakavu, wamepiga mpaka bei ya misumari. Kundi lingine likauliza kwa nini mama huyo ameachwa abebe hasara yote peke yake wakati mchuuzi anangoja tu mzigo ukauke. Hilo la pili sikuwa na jibu lake, na ndilo nililolipa maksi nyingi zaidi.

2. Kazi za vikundi. Mnawapanga kumi kumi, anafanya mmoja, tisa wanachangia namba za usajili. Tena mnawaambia wakae duara "watoe mawazo". Watafiti wa Yale walilipima jambo hili mwaka 1958: watu wanne waliofikiri kila mmoja kivyake, mawazo yao yakijumlishwa, waliwashinda wanne waliofikiri kwa pamoja, kwa wingi na kwa ubora. Dakika kumi za kwanza kila mtu aandike peke yake, kimya, ndipo wakutane. Basi.

3. Mwongozo wa kusahihishia. Hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa mpya kama nyie, nafundisha mikopo midogo (microfinance), na zoezi la maksi 20 lilisema: mvuvi wa dagaa anadaiwa 360,000 pamoja na riba, kwa wiki 12, mpangie marejesho. Mwongozo wangu ulikuwa 30,000 kila wiki, mwisho wa habari. Kijana mmoja wa Ukerewe akaandika 40,000 kwa wiki tisa, na wiki tatu akaziacha wazi, moja kila mwezi. Pembeni akachora mwezi mchanga na mwezi mpevu, kwa kalamu ya risasi. Nikampa sita. Kwa wino mwekundu nikaandika: "Hujaelewa swali. Soma slaidi."

Alikuja ofisini, kwa adabu zote. "Shikamoo mwalimu. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti dagaa. Mitumbwi inalala. Sasa hiyo elfu thelathini anaitoa wapi?" Nikamjibu kwamba hilo ni suala la uvuvi, sisi hapa tunafanya fedha. Nakumbuka hata sauti niliyoitumia, ile ya mtu aliyepewa ofisi juzi. Akasema sawa mwalimu, akaondoka. Kwenye UE nililirudisha swali lilelile kwa kiburi. Akaandika 30,000 mara 12, safi kabisa, nikampa zote.

Baadaye nikaenda kusimamia wanafunzi wa field, mafunzo kwa vitendo, kwenye mwalo mmoja. Nikaombwa nikague daftari la kikoba cha pale. Wiki za mbalamwezi: mstari mtupu. Wanakikoba wale, wengine hawajamaliza la saba, walikuwa na ratiba ya kijana wangu, na walikuwa wanarejesha. Waliokuwa wakikopa kausha damu, mikopo ya riba kali, kwa marejesho ya kila wiki ndio waliokuwa wakinyang'anywa taa na nyavu. Nilirudi Mwanza nataka kurekebisha, nikaambiwa matokeo yameshapita Seneti. Nilikuwa nimemfundisha kijana mwenye akili kuandika jambo analojua si kweli, na nikamlipa kwa kuliandika.

Kwa hiyo kwenye kila mwongozo wenu acheni maksi tano za jibu ambalo hamkulitegemea lakini mwenye nalo amelitetea. Ziandikwe kwenye swali, mwanafunzi azione.

4. Mkiona jibu la ajabu, lijaribuni kabla ya kulicheka. Erasto Mpemba mnamjua wote, ila mnaishia kwenye aiskrimu ya Magamba mwaka 1963 na mwalimu aliyemwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Mimi namwaza fundi wa maabara. Denis Osborne, mhadhiri aliyeulizwa na Mpemba pale shule ya Mkwawa kwa nini maji ya moto huganda kabla ya ya baridi, huku wanafunzi wenzake wakicheka, alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi ajaribu. Fundi akaleta majibu: ndiyo, ya moto yameganda kwanza, lakini tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi! Makala yao ilitoka mwaka 1969 na wanasayansi bado wanabishana. Sisi wasahihishaji wengi ni yule fundi.

5. Lugha. Semina ikiwa ya Kiingereza tupu wanaongea watatu wa mbele. Waacheni wabishane kwa Kiswahili, hata Kisukuma, kisha waandike kwa Kiingereza.

6. Akili mnemba ambayo mwanafunzi anaiomba imjibie: haijakaa na kikoba cha Igombe. Toeni maswali ya huko.

Mnaolalamika kwamba darasa lina watu 300 na haya hayasahihishiki: swali moja la namna hii kwa muhula linatosha, mengine endeleeni kutaja tano tano. Mitihani yenu nimeirudisha kwa katibu wa idara ikiwa na maoni yangu kwa penseli, mrekebishe kabla ya Ijumaa. Na wewe uliyenakili mtihani wangu wa zamani pamoja na makosa yake ya tahajia, pita ofisini kwangu mwenyewe kabla sijakuita.