Nilijificha kwenye maombi ili nisiumie

Pole sana mkuu. Umeuliza kama huo msiba wa mama uukabili au uuachie muda tu, manake unasali kila siku na bado ndani umekauka. Mi nakujibu kwa yaliyonikuta mdogo wangu alipofariki.

Miaka miwili nilikuwa nakimbia na wala sijui kama nakimbia. Kazi mpaka usiku, kwaya, mikesha, kila kikundi cha maombi nimo, watu wakawa wanasema huyu ana imani kweli, kumbe nikibaki peke yangu dakika tano tu nishashika simu. Jina lake silitaji kabisa. Siku moja shangazi akaniuliza, "Umeshamlilia mdogo wako?" Nkamwambia nimemwombea sana. Akasema, "Sijakuuliza hilo." Wiki nzima nikawa nayo kichwani.

Basi nkaanza kukaa na hayo maumivu. Kila usiku robo saa, simu chumba kingine, na sala silazimishi. Mwanzoni ni kifua kubana na hasira, yaani hasira kwa Mungu kabisa, kitu ambacho kwaya nzima ingenishangaa. Ndo nikakutana na Zaburi ya 88, isome, inaishia gizani, hakuna shukrani mwishoni, tofauti na zaburi nyingi za kilio, na bado imo humohumo kwenye Biblia. Rafiki yangu Mwislamu naye akanikumbusha Nabii Yaakub, alisema subira ni njema na bado kwa huzuni ya Yusuf alilia mpaka macho yakawa meupe. Mi nilikuwa najua subira ni kukausha machozi!

Majibu sikupata, nisikudanganye. Ila sala zangu zimekuwa fupi, siku nyingine sentensi moja tu, lakini naimaanisha. Na msibani siku hizi naweza kukaa na mfiwa bila kumhubiria, zamani nilikuwa wa kwanza kusema kazi ya Mungu haina makosa, ili mimi nipumue.

Usinielewe vibaya lakini, sisemi utafute mateso wala umvumilie anayekupiga, hapo ondoka. Na kama hulali, huli, au unawaza kufa, hiyo robo saa usikae nayo peke yako, muone daktari au mshauri nasaha.

Anza hata na dakika tano. Mi juzi tu ndo nimetaja jina lake mezani, sauti ikakatika, wakanisubiri, nkamalizia stori.