Waliosimama Majini: Watu wa Mto Narmada Waliambulia Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu alinionyesha kwenye simu picha ya wanakijiji wa India waliosimama ndani ya maji yaliyowafika kifuani, wakipinga bwawa lililokuwa likizamisha mashamba yao. Nilipodadisi nikaambiwa kwamba harakati zao kwenye mto Narmada zilidumu miaka mingi na bwawa likajengwa vilevile. Ikiwa ndivyo, taabu yote ile iliwafaa nini? Nauliza kwa sababu sisi nasi tunaishi kando ya mto.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, yaelekea picha hiyo ni ya mwaka 2012, kutoka kijiji cha Ghogalgaon, jimbo la Madhya Pradesh, ambako wanaume na wanawake wapatao 50 walikaa majini kwa siku 17 baada ya maji ya bwawa la Omkareshwar kupandishwa kabla hawajapewa ardhi waliyostahili. Ngozi ya nyayo zao ilivimba, ikageuka nyeupe, ikaanza kubambuka, na bado hawakutoka. Siku ya 17 serikali ya jimbo ilikubali kuyashusha maji na kuwapa ardhi badala ya ardhi. Wenzao wa wilaya ya Harda, waliofanya vivyo hivyo kulipinga bwawa la Indira Sagar, walitolewa majini na polisi.

Bwawa ulilosikia kwamba lilijengwa vilevile ni Sardar Sarovar, lililo chini zaidi kwenye mto huohuo, katika jimbo la Gujarat. Waziri Mkuu wa India, Jawaharlal Nehru, aliweka jiwe la msingi mwaka 1961, na Waziri Mkuu Narendra Modi akalizindua tarehe 17 Septemba 2017. Ni kweli kwamba lilikamilika, na ni kweli pia kwamba limepeleka maji katika maeneo makame ya Kutch na Saurashtra, ambako watu walikuwa na kiu ya kweli. Sioni haki ya kulificha hilo. Lakini maji hayo yanakwenda hasa Gujarat, wakati vijiji vingi kati ya 245 vilivyoguswa na ziwa la bwawa, yaani 193, viko Madhya Pradesh.

Swali lako la manufaa haliwezi kujibiwa bila kwanza kujua watu hao walikuwa wakidai nini. Wengi hudhani kwamba walianza kwa kulikataa bwawa, kumbe sivyo. Mwanaharakati Medha Patkar alipofika bondeni mwaka 1985 na kuanza kutembea kijiji kwa kijiji, watu walitaka kwanza kuelezwa ni nani watakaohamishwa, lini, na wapelekwe wapi. Ilikuwa mwaka 1988, baada ya miaka ya kuuliza bila kupata jibu la kuridhisha, ndipo walipotangaza kwamba hakuna atakayehama na bwawa halitajengwa. Harakati hizo zilikuja kujulikana kwa jina la Narmada Bachao Andolan, yaani Harakati za Kuiokoa Narmada.

Na walikuwa na sababu ya kuuliza. Baraza la usuluhishi lililogawa maji ya mto kati ya majimbo mwaka 1979 lilifanya hesabu zake likiamini kwamba kaya zitakazohamishwa ni karibu 7,000. Baadaye serikali zenyewe zilikuja kukiri kwamba ni zaidi ya 40,000. Tofauti hiyo haikutokana na wingi wa watoto peke yake. Waadivasi, wenyeji wa milima ya kando ya mto, walikuwa wamelima kwa vizazi vingi ardhi ambayo katika vitabu vya serikali iliandikwa kuwa msitu, na kwa kuwa hawakuwa na hati, wengi waliitwa wavamizi kwenye mashamba ya babu zao. Aliyepoteza shamba lake kwa mfereji wa kusambaza maji ya bwawa, badala ya ziwa lenyewe, hakuhesabiwa miongoni mwa waliohamishwa na bwawa. Uamuzi wa 1979 uliagiza kwamba mwenye hati anayepoteza zaidi ya robo ya shamba lake apewe angalau hekta 2 zenye maji ya kumwagilia, na kwamba kila mtoto wa kiume aliyefikia utu uzima achukuliwe kuwa kaya yake. Mtoto wa kike hakutajwa hivyo. Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lote, kwa maana mtu asiyeandikwa kwenye daftari huzamishwa mara mbili, kwanza na kalamu, kisha na maji.

Mwishoni mwa Desemba 1990 maelfu yao waliandamana kwa miguu kuelekea bwawani, wakazuiwa kwenye mpaka wa Gujarat mahali paitwapo Ferkuwa. Walisonga mbele kwa makundi wakiwa wamejifunga mikono kwa kamba, ili yeyote asiweze kudai kwamba walikuja kupigana, na polisi wakawapiga hivyohivyo. Medha Patkar na wenzake waligoma kula kwa takribani wiki 3. Bwawa halikusimama, lakini Benki ya Dunia, iliyokuwa imeidhinisha mkopo wa dola milioni 450 mwaka 1985, ililazimika kuunda tume huru iliyoongozwa na Bradford Morse. Ripoti yake ya 1992 ilisema wazi kwamba uhamishaji haukuandaliwa ipasavyo, na Machi 1993 India ikaacha kuchukua fedha zilizobaki.

Mahakamani hali ilikuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya India ilisimamisha ujenzi. Tarehe 18 Oktoba 2000 majaji 2 dhidi ya 1 wakaruhusu uendelee hatua kwa hatua, kwa sharti kwamba kila hatua itanguliwe na makazi mapya. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliamuru kaya 681 zilipwe rupia milioni 6 kila moja, malipo ambayo bila miaka 30 ya kelele na majalada yasingefikiriwa. Wengine hawakupata kitu, na siwezi kukuambia kwamba hao walishinda.

Umesema nawe unaishi kando ya mto, kwa hiyo niongeze jambo moja linalotuhusu huku kwetu. Mwaka 1993, kwa shinikizo lililotokana na Narmada, Benki ya Dunia iliunda Jopo la Ukaguzi, ambalo watu wanaoumizwa na mradi inaoufadhili wanaweza kulipelekea malalamiko moja kwa moja. Waganda walilitumia mwaka 2001 kuhusu bwawa la Bujagali kwenye mto Nile, na mwaka uliofuata jopo likaona kwamba Benki haikuwa imefuata baadhi ya kanuni zake yenyewe. Bujagali nalo lilijengwa hatimaye. Ikiwa wapimaji watafika kijijini kwenu, waulizeni kwanza nani analipia mradi, kisha ombeni kuliona daftari la majina kabla hamjatia saini, mkiangalia kama wajane, mabinti watu wazima na wanaolima bila hati wameandikwa humo.