Mtoto ana kilo 30, bibi anasema ndiyo afya

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume katimiza miaka 7, ana kilo 30 na urefu wa sentimita 122. Mwalimu anasema amenenepa kupita kiasi. Mama mkwe, ninayeishi naye, anasema aachwe, ni damu ya ukoo, hata baba yake alikuwa hivyo. Nimsikilize nani? – Mama, Tabata.

JIBU: Marahaba mama (mimi ni afisa lishe, ila naitikia). Zidisha urefu kwa mita, 1.22 mara 1.22, kisha gawanya kilo 30 kwa jibu hilo, unapata 20.2. Hiyo ndiyo BMI, uzito ukilinganishwa na urefu. Kwa chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2007, mvulana wa miaka 7 akivuka 19 anahesabiwa kuwa na unene uliokithiri. Mwalimu hajakosea.

Bibi naye ana lake. Wepesi wa kunenepa hurithiwa kweli, lakini mtoto harithi damu tupu. Anarithi na sufuria ile ile, saa zile zile za kula na kochi lile lile.

Naomba kwa siku 3 uandike kila anachokula, na pembeni uandike nani kampa. Kliniki naletewa orodha za namna hii: asubuhi dada kampa chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi, shuleni hela ya matumizi imekuwa chipsi, saa kumi bibi kampakulia wali "kidogo tu", jioni baba karudi na soda. Soda ya mililita 350 peke yake ina sukari kama vijiko vya chai 9. Kila mmoja katoa kwa mapenzi, hakuna aliyejumlisha. Na gari la shule linamchukua mlangoni, uwanja wa chandimu umeota fremu za maduka, kwa hiyo zile dakika 60 za kukimbiakimbia anazohitaji mtoto kwa siku hazipatikani.

Kwa bibi usiende na neno "dayati". Kizazi chake kiliona watu wakikonda kwa maradhi. Kwake shavu la mtoto ni ushahidi kuwa nyumba ina heri. Mwache mumeo aongee na mama yake, na ile saa kumi ibaki ya bibi, ila iwe ya chungwa au tikiti.

Mtoto asishindishwe njaa wala asipikiwe chake peke yake. Hatutafuti ashuke kilo. Zikisimama hapo huku anarefuka, inatosha. Urefu wake ni wa kawaida, kwa hiyo sishuku kuwa unene umeletwa na tatizo la homoni. Lakini ukiona weusi shingoni usiotoka kwa kuoga, au anakoroma sana, mpeleke hospitali apimwe sukari na presha.