Barua kwa mwanangu: viatu na malazi ya begi la dharura

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mamako anakusalimia na anauliza kama mafua ya mtoto yamepoa.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu mlipohamia Mshomoroni, nyumba ya chini na bahari iko karibu, mvua ikishika usiku husinzii. Wewe na mumeo mmeanza kutayarisha begi la kuondoka nalo maji yakiingia: vyeti mmeweka, dawa, tochi na maji ya kunywa pia. Mmekwama kwenye viatu na vitu vya kulalia, kwa kuwa jirani amewashauri mkanunue buti za jeshi na mifuko ya kulalia ya mtumba kule Kongowea. Mnaniuliza kama ni sawa.

Msinunue bado. Nimeishi kwa kushona viatu vya watu, na katika hili naomba unisikilize kwa makini.

La kwanza, viatu vya kuondokea visikae ndani ya begi. Maji hayachagui saa, na mara nyingi huingia watu wamelala, stima imekatika. Ukiamka gizani unachohitaji kabla ya kitu kingine chochote ni viatu miguuni, maana sakafuni huenda tayari kuna glasi zilizovunjika. Kila mtu viatu vyake viwe karibu na kichwa cha kitanda, juu kidogo ya sakafu ili visielee vikaenda zao, kamba zimelegezwa, soksi zimeingizwa ndani. Begini tia ndara peke yake. Ndara hazifai kutembelea majini, tope huzivua na msumari huzipenya, lakini mkifika mtakakolala zitawafaa kwa choo na kuoga, na miguu ipate hewa ikauke. Miguu ikishinda na kulala imelowa, ngozi hulainika na kuchubuka, na mtu wa namna hiyo siku ya pili hatembei.

Buti za jeshi sizitaki kwa sababu hiyohiyo ya maji. Ngozi nene ikinywa maji inakuwa nzito, na kwa unyevu wetu wa Mombasa wakati wa masika inaweza kukaa siku kadhaa haijakauka. Tena buti ngeni huhitaji wiki nyingi za kuvaliwa mpaka zifuate mguu. Ukizivaa mara ya kwanza siku ya mkasa, utapata malengelenge kabla hujafika Kisauni, na lengelenge likipasuka ndani ya maji ya mafuriko ni mlango wa maradhi. Yale maji si ya mvua tupu. Yamepita kwenye vyoo vya shimo na mitaro, yana mikojo ya panya, na ugonjwa wa panya huingilia kwenye michubuko. Kwa hilo pia, wewe na mumeo mwende mkaulizie chanjo ya pepopunda kama miaka 10 imepita tangu mdungwe ile ya mwisho.

Gambuti nazo watu huzipenda kwa kuwa zinaonekana ni za maji. Ni nzuri siku ya kusafisha nyumba, maji yakiwa yameshuka. Kwa kuondokea, hapana. Maji yakipita ukingo wake hujaa ndani, kila mguu ukawa ndoo, na kisigino kinacheza ovyo. Na maji yaendayo kasi hayahitaji kuwa mengi: yakifika sentimita 15 tu, juu kidogo ya kifundo, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Ninachotaka mvae ni raba za kamba, zilizofunika vidole, za kitambaa kinachoachia maji yatoke, zenye soli ya mpira yenye meno. Ziwe ni zile mnazotembelea kila wiki. Raba za kawaida za shule soli yake ni nyembamba kwa misumari, kwa hiyo ziletwe kwangu nizitie soli ya pili ya mpira wa tairi na kuzipiga uzi pande zote. Gundi peke yake haitoshi, ikilowa kwa muda mrefu huachia. Hata hivyo hakuna soli inayozuia kila msumari. Mumeo atangulie na fimbo, apapase mbele kila hatua, hasa kando ya barabara ambako mashimo ya mitaro hupoteza vifuniko.

Kuna jambo wanunuzi wengi hawalijui, nami naliona kila mara hapa kibandani. Viatu vingi vya michezo na vya kupandia milima vina soli laini ya kati iliyojaa viputo, na aina moja, poliyurethani, huharibiwa na unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Mtu huja na kiatu kizuri, cha bei, alikiweka kabatini miaka mingi akikihifadhi, siku anayokivaa soli inabomoka kama biskuti. Joto na unyevu wa pwani huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana nawakataza kununua viatu vya kuweka akiba. Mkichagua mtumba Kongowea, kunja kiatu mpaka soli ijipinde, utazame kama pana nyufa, kisha bonyeza ile sehemu ya kati kwa ukucha. Ikibaki shimo au ikitoa unga, kirudishe. Mjaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa mizunguko ya mchana, na soksi miguuni. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Soksi zisiwe za pamba tupu, hukaa na maji. Za nailoni au polista hukauka upesi.

Watoto ni hesabu nyingine. Mdogo atabebwa kwa mbeleko, hana haja ya kitu kizito mguuni. Mkubwa apate viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino, na usimnunulie vikubwa eti atakua navyo, atajikwaa navyo majini. Mjaribishe kila shule zikifungwa. Likizo ya Aprili inakuja na masika na ile ya mwisho wa mwaka inakuja na vuli, kwa hiyo hutasahau.

Sasa malazi. Fikiria kwanza mtalala wapi. Mvua za Novemba 2023 zilipoizidi pwani yetu, na tena masika ya 2024, familia nyingi nchini zililala madarasani na kwenye kumbi. Mtu analala juu ya saruji, madirisha wazi, mbu tele. Baridi ya Mombasa si ya kutisha, hata Julai usiku joto haliteremki mno chini ya nyuzi 20. Mfuko wa kulalia wa mtumba ulitengenezewa nchi za baridi kali. Hapa mtatokwa na jasho, ukilowa haukauki, na unajaza begi zima. Muuacheni hukohuko.

Kinachomwumiza mtu ni kile kilicho chini yake. Saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha, na aliyelowa hutetemeka hata katika usiku wa joto. Kwa hiyo chini pawe na mkeka wa plastiki, ule wa kukunja, ambao ukiupangusa na kitambaa umekauka. Mkeka wa ukili naupenda kuliko wote, lakini ukipata maji huota ukungu. Kipande cha godoro la sponji usikiguse, kinakunywa maji na kukaa nayo. Juu mjifunike leso na shuka jepesi. Chukua doti mbili za leso kuukuu zilizolainika: ni mbeleko, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, na usiku ni shuka. Hakuna kitu cha kulalia kinachokupa kazi nyingi hivyo kwa uzito mdogo hivyo.

Chandarua ndicho nisichokubali mkiache. Maji yakituama mbu huzaana ndani ya siku chache, na malaria ikimpata mtoto mkiwa ugenini mtajuta. Chukueni kilichotiwa dawa, cha kuwatosha nyote wanne, na kamba nne ndefu zilizofungwa tayari kwenye pembe zake, kwa sababu darasani hakuna misumari pale unapoitaka. Mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana, kwa hiyo mtoto akilala adhuhuri pia afunikwe.

Zile blanketi za karatasi ya kung'aa, za rangi ya fedha, weka moja au mbili. Ni nyepesi, zinaingia mfukoni, na zinafaa kwa mtu aliyelowa anayetetemeka: mvue nguo za maji, mkaushe, umvike kitu kikavu, halafu umzungushie. Si za kulalia usiku mzima, jasho halina pa kutokea.

Vyote hivi vikilowa njiani havina faida. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na hata ile ya zamani ilikuwa inachanika. Nitakushonea mfuko wa turubai wenye mdomo wa kukunja mara tatu na mkanda wa kufungia, uingie ndani ya begi. Begi lote lisizidi humusi, yaani sehemu moja ya tano, ya uzito wa anayelibeba, na wewe utakayekuwa na mtoto mgongoni beba chini ya hapo. Livae siku moja, utembee nalo hadi barabara kuu na kurudi, ukiwa na zile raba. Linalokuumiza bega siku hiyo, lipunguze.

Mwambie mumeo Jumamosi alete raba zenu nizitazame. Mguu wa mkubwa uchore kwenye karatasi, akiwa amesimama wima na soksi, penseli isimame wima. Mfuko wa turubai nauanza leo.

Babako