Ukitaka kumjua ndege mgeni wa kwenye matete, anza na wenyeji wake

Wadau wa ndege huku Mbeya, kila mvua zikikaribia naulizwa swali lilelile, yule ndege mdogo wa kahawia anayechungulia kwenye matete pembeni ya mfereji afu anazama ni nani. Huku Usangu, kuanzia Rujewa mpaka kule Ihefu, anaweza kuwa yeyote kati ya wengi, ndo maana ushauri wangu ni huu, usianze na mgeni, yaani yule anayekuja huku kwa msimu kutoka Ulaya, anza na wenyeji wanaokaa huku.

Nenda kiangazi, Juni au Julai. Muda huo mgeni mwenyewe, kitaalamu Acrocephalus schoenobaenus (Kiingereza Sedge Warbler), yuko Ulaya analea makinda, kwa hiyo utakayemwona kwenye matete si yeye. Kuna Bradypterus baboecala, mweusimweusi, mkia mpana wa duara, wimbo wake unaanza polepole unaongeza kasi kama mpira ulioachiwa kwenye sementi, ukishaushika huyo umemmaliza. Kuna Acrocephalus gracilirostris, kifua cheupe, mgongo hauna mchirizi hata mmoja, sauti nene tamu. Afu jamii ya Cisticola, hawa ndo wanachanganya watu kwelikweli maana nao wana michirizi mgongoni, ila tazama ncha za mkia, zina madoa meusi na weupe kwa mwisho, wakati mkia wa mgeni ni kahawia tupu.

Sasa Novemba, Desemba, mgeni akishafika, rudi palepale umtafute. Kitu cha kwanza ni nyusi, mstari mpana wa rangi ya krimu juu ya jicho, na utosini michirizi ya giza. Mgongo una michirizi ila ile sehemu juu kidogo ya mkia haina, ni hudhurungi safi, na hiyo unaiona vizuri akiruka kukukimbia, kwa hiyo akiruka usishushe darubini jamani, hapo ndo jibu lilipo! Bawa nalo refu limechongoka, lazima liwe hivyo kwa ndege wa gramu kama 12 anayevuka Sahara, na kabla ya kuondoka kule Ulaya anakula vidukari vya kwenye matete mpaka wengine uzito unakaribia kuwa mara mbili.

Simama sehemu moja asubuhi na mapema, usiyapigepige matete. Na wale wanaopiga sauti ya ndege kwenye simu ili atoke, naomba sana muache, huyu akiwa huku anabadilisha manyoya na anatakiwa ale ashibe, kumtoa mafichoni kila saa ni kumuumiza bure.

Kama macho yamekushinda subiri Machi, akikaribia kuondoka anaanza kuimba humuhumu kwenye matete, haraka haraka, mikwaruzo na miluzi imechanganyika, katikati anachomekea sauti za ndege wengine, na hapo kama wenyeji unawajua utamtambua hata bila kumwona.