Dringend: neno lililonielekeza chooni

Jino lilikuwa limenikesha usiku kucha. Asubuhi nikafika kwa daktari wa meno, hapa Leipzig, Ujerumani, bila miadi, nikaanza kwa kujiamini: "Ich muss dringend…", yaani "lazima haraka sana ni…" Kitenzi kikanipotea. Dada wa mapokezi hakungoja, akanionyesha mlango wa choo.

Kosa lilikuwa langu. Mjerumani akisikia "ich muss dringend" ikaishia hapo, anaelewa vilevile tunavyoelewa sisi mtu akisema "nimebanwa". Wala hatupo mbali nao: dringend limetoka kwenye dringen, yaani kupenya, kujisukumiza ndani. Nilipaswa kusema Ich brauche dringend einen Termin, nahitaji miadi haraka sana.

Kosa jingine ninalolisikia kwa wenzangu wengi ni "Ich bin dringend". Mtu hawi dringend. Jambo ndilo huwa hivyo: Es ist dringend. Wewe mwenye haraka sema Ich habe es eilig. Kumbuka tu kwamba hata kwetu haraka mtu huwa nayo: nina haraka.

Halafu kuna pahala neno hili halina haraka yoyote. Ich rate dringend davon ab ni kukuambia usithubutu. Na dringender Tatverdacht, unayoikuta kwenye habari za mahakama, ni tuhuma nzito, ile inayotakiwa kabla mtu hajawekwa mahabusu kusubiri kesi. Miezi kadhaa nilidhani polisi wa huku wana pupa!

Matamshi yasikutishe. Ng yake ni ya ng'ombe, si ya ngoma, na d ya mwisho hutamkwa t. (Maisha yakiwa hatarini achana na dringend: hiyo ni Notfall, dharura, piga 112. Ukihitaji daktari usiku na hali si ya kufa na kupona, ni 116117.)

Kwenye barua pepe, neno hili peke yake halimsogezi mtu. Hita yangu ilipogoma kupasha, nilimwandikia mwenye nyumba DRINGEND mara mbili kwa herufi kubwa. Kimya. Ya tatu nikaandika kwamba nyumba ni baridi tangu Ijumaa, nina mtoto mdogo, naomba fundi bis Mittwoch, kabla Jumatano haijaisha. Fundi alibisha hodi Jumanne.