Alsace ndani ya Uswisi, ingewezekana?
Mkuu umeuliza ingekuwaje Alsace, eneo la mashariki mwa Ufaransa mpakani na Ujerumani na Uswisi, ingejiunga na Uswisi badala ya kugombaniwa na Ufaransa na Ujerumani, mi naona wazo lina mashiko, maana Mulhouse, mji wa Alsace, ilikuwa mshirika wa Waswisi tangu 1515 hadi ilipoingia Ufaransa 1798, na lahaja yao ya Kijerumani inakaribiana sana na ya Basel, mji wa Uswisi. Shida ni Waswisi wenyewe. Cheki Vorarlberg, jimbo la Austria, 1919 walipiga kura na kama asilimia 80 wakataka mazungumzo ya kujiunga Uswisi, ikagonga mwamba, Waswisi wengi waliogopa kuongeza Wakatoliki na wasemaji wa Kijerumani. Alsace ndo kubwa zaidi, hofu ingezidi! Ila watu wa Alsace wangeepuka kubadilishiwa bendera mara nne kati ya 1871 na 1945, hilo huwa linaniuma kweli.